Igizo la mama anayeumwa: kuaga kuje mapema, kifo kiwe kimya

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mafinga, nasimamia kikundi cha maigizo cha vijana 12. Tuna igizo la mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi anayewaaga watoto wake. Kwenye onyesho la kwanza, mama alipokuwa akitoa maneno yake ya mwisho watu walikuwa wanaongea, na alipokata roho wakacheka. Baadaye mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, watu hawafi hivyo." Tunataka kulirudia kanisani na kulipeleka vijijini. Turekebishe nini?

Jibu:

Mwalimu, mzee huyo amewasaidia kuliko ambavyo makofi ya ukumbi mzima yangewasaidia. Watazamaji wenu si wageni wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa VVU na malaria wa mwaka 2011–12 ulikuta maambukizi ya VVU Njombe ni asilimia 14.8 na Iringa asilimia 9.1, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5.1. Nyuma ya namba hizo kuna nyumba nyingi za Mufindi, Makete na Kilolo ambako mtu alilishwa uji kwa kijiko, akageuzwa ubavu usiku, akafia mikononi mwa ndugu zake. Watu hao ukiwaletea mama anayehutubia dakika 6 kwa sauti ya kusikika hadi getini, kisha anakohoa mara 3 na kuangusha kichwa, wanajua papo hapo kwamba aliyeandika hajawahi kuuguza. Kicheko chao hakikuwa dharau. Mtu akijikaza aumie, halafu akaonyeshwa cha bandia, pumzi aliyoizuia lazima itoke, na mara nyingi hutoka kama kicheko.

Kosa kubwa liko kwenye mpangilio. Mmeweka kuaga na kufa ndani ya dakika zile zile, mama akiwa na akili timamu na sauti kamili mpaka mwisho. Katika uuguzaji mambo hayo mawili hutengana kwa siku kadhaa, mara nyingi kwa wiki. Saratani ya mlango wa kizazi ikishaenea kwenye nyonga huweza kubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikishindwa kazi, taka hubaki kwenye damu, na mgonjwa huanza kichefuchefu, kwikwi, usingizi mzito, pengine kuweweseka. Siku 2 au 3 za mwisho mama wa namna hiyo hulala karibu muda wote. Mtoto aliyengoja hadi hapo ndipo aseme la moyoni amechelewa, na hilo ndilo jambo kubwa ambalo igizo lenu linaweza kuwapa watu: kuaga kuna wakati wake, na wakati huo ni pale mgonjwa bado ana nguvu ya kugomba, kudai chai na kucheka.

Kuna kinachotangulia kuaga, nacho ni maumivu. Mtu anayeumia vibaya hana nafasi ya mtu mwingine kichwani mwake. Anahesabu dakika tu. Kwa hiyo igizo lifuate ugonjwa wenyewe: habari, maumivu, dawa, maneno, usingizi, kifo. Dakika 50 zinatosha. Habari mzipe dakika 8, chupa ya dawa dakika 12, daftari la madeni na kuagana dakika 18, usiku wa mwisho dakika 8, na asubuhi yake dakika 4. Waigizaji 6 wanabeba yote: mama, binti mkubwa, mtoto wa mwisho, shangazi, baba mdogo na nesi. Vijana 6 waliobaki washike kwaya, taa, sauti na vifaa.

Habari

Msianze na daktari anayesoma karatasi na kutangaza "una miezi mitatu." Wahudumu waliofundishwa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia taabu mgonjwa asiyetarajiwa kupona, hawatoi tarehe. Huanza kwa kuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa wako?" Kisha: "Ungependa nikueleze kiasi gani, na nani awepo?" Ndipo husema kwamba matibabu hayataondoa ugonjwa, ila maumivu yatashughulikiwa, na muda uliobaki ni wa wiki, pengine miezi michache. Halafu hunyamaza. Kimya hicho mkihesabu kimoyomoyo hadi 7. Waigizaji wachanga hukivunja wakifika 2 kwa sababu wanaogopa kuonekana wamesahau maneno, na hapo habari inakuwa tangazo.

Safari ya Dar es Salaam itajwe, isionyeshwe. Mionzi ya nje kwa saratani hii kwa kawaida hutolewa siku 5 za wiki kwa takriban wiki 5, kwa hiyo aliyepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kutoka Mafinga anahitaji nauli ya watu wawili, mahali pa kulala na mtu wa kumpikia, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Sentensi moja ya binti inatosha: "Mama alisimama kwenye basi tangu Mikumi hadi Kitonga, kukaa kunamuuma." Kila mtu ukumbini anaijua barabara hiyo na anaujua mlima huo. Mtakuwa mmeeleza ukali wa maumivu bila yowe hata moja.

Jihadharini na kishawishi cha kumfanya nesi ahutubie kuhusu uchunguzi na chanjo. Ni mambo ya maana sana, na chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, ilianza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, lakini mahali pake ni baada ya onyesho. Ndani ya igizo mama anayekufa atageuka bango, na watu wataacha kumsikiliza.

Chupa ya dawa

Hii ndiyo sehemu yenye mgogoro wa kweli, na naona hamkuwa nayo kabisa. Mgonjwa amerudi na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Shangazi anaificha kwa sababu amesikia ni dawa ya kumalizia watu. Msimfanye shangazi mjinga wala mbaya. Woga wake una chanzo: wagonjwa wengi huanzishwa mofini wakiwa wamebakiza siku chache, wanafariki, na chupa inabebeshwa lawama ya ugonjwa. Shangazi ameona kwa macho yake mtu akinywa dawa ile Jumanne na kuzikwa Alhamisi. Aseme hivyo, kwa uchungu, na nesi asimcheke.

Mjue inavyotumika, hata kama hamtaisema yote jukwaani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia mara nyingi huanzishwa miligramu 2.5 hadi 5 kwa mdomo kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku ambapo dozi huweza kuwa maradufu ili asiamshwe saa 8 usiku. Haingojei maumivu yarudi. Hutolewa kwa saa, maana kuyazuia ni rahisi kuliko kuyafukuza yakishapanda. Siku 2 au 3 za mwanzo huleta usingizi, hasa kwa mtu aliyekuwa halali, na wengine husikia kichefuchefu kinachopita. Kufunga choo hakupiti, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huanza siku ile ile. Figo zikianza kulegea, nesi au daktari hupunguza kiasi au huachanisha saa, kwa kuwa dawa hukawia kutoka mwilini. Msitaje miligramu wala idadi ya vijiko mbele ya hadhira. Chupa hutofautiana nguvu, na mtu anaweza kubeba namba yenu nyumbani akaitumia kwenye chupa isiyo hiyo. Semeni "kipimo alichoandika nesi" na basi. Chupa ya jukwaani iwe ya sharubati iliyozimuliwa kwa maji, isiyo na kibandiko cha dawa ya kweli.

Saa hizo za dawa ni zawadi kwenu. Tafuteni simu ya kitochi, wekeni kengele yake ya kawaida, na ilie kila dozi ikifika. Mara ya kwanza binti anashtuka, mara ya tatu mkono unafika kwenye chupa kabla macho hayajafika. Watazamaji watazoea mlio huo pamoja naye, nanyi mtauhitaji mwishoni.

Kipo kitu kingine ambacho maigizo hukikwepa: harufu. Saratani hii huleta uchafu ukeni wenye harufu kali, na harufu ndiyo inayowapunguza wageni kabla maumivu hayajawapunguza. Ipo namna ya kuisaidia. Hospitali hutumia metronidazole, dawa ya kuua bakteria wanaoleta harufu, vitambaa hubadilishwa mara kwa mara, dirisha hufunguliwa. Msionyeshe mtu akiziba pua. Onyesheni dirisha wazi mwezi wa Juni, baridi ya Mufindi ikiingia, watu wamejifunika mablanketi, na baba mdogo amechagua kiti cha mlangoni. Shangazi yule yule aliyeficha chupa avute kigoda mpaka ubavuni mwa kitanda, akae hapo. Hakuna neno litakalohitajika.

Daftari

Dakika 18 za katikati ndizo igizo. Hapa wengi hukosea kwa kumpa mama maneno makubwa. Mtu anayeaga nyumbani kwetu hasemi "wanangu, pendaneni" kwa dakika 5. Anauliza kama kuku wamefungiwa. Anaeleza mbegu ya maharage iko kwenye kibuyu gani, nani achukue jembe lililoazimwa, shati gani la mtoto lishushwe pindo mwakani. Mpeni kazi ya mikono au ya hesabu, kuaga kutapita ndani yake. Wanaofanya kazi ya tiba shufaa husema mambo manne humsaidia anayeondoka na anayebaki: kuomba radhi, kusamehe, kushukuru, na kusema upendo. Yote manne yanaingia kwenye daftari la madeni, binti mkubwa, Sabina, akiwa mwandishi:

MAMA: Lete daftari. Lile la hesabu.
SABINA: Pumzika kwanza, mama.
MAMA: Andika. (Pumzi.) Mama Oliva. Debe moja. Mahindi.
SABINA: Anakudai au unamdai?
MAMA: Namdai. Ila msimdai.
SABINA: Sasa niandike nini?
MAMA: Andika jina tu. Alinifulia. (Pumzi.) Kikoba. Elfu themanini. Hiyo mlipe.
SABINA: Tutalipa.
MAMA: Sasa andika wewe.
SABINA: Mimi? Unanidai nini?
MAMA: Nadaiwa. (Pumzi.) Kidato cha tatu. Nilikutoa shule.
(Sabina anaacha kuandika.)
MAMA: Andika.
SABINA: Hiyo siandiki.
MAMA: Basi unisamehe.
(Kimya. Sabina anaandika, kisha anasoma polepole.)
SABINA: "Mama hadaiwi."

Angalieni urefu wa maneno ya mama. Hayazidi manne au matano kwa pumzi moja, kwa sababu mgonjwa hana hewa ya zaidi. Hilo linatatua na tatizo lenu la sauti. Mwigizaji hawezi kupiga kelele akaaminika, wala kunong'ona akasikika mstari wa kumi. Sentensi fupi yenye silabi zilizotamkwa wazi, ikifuatwa na kituo, husikika mbali kuliko sentensi ndefu iliyopandishwa sauti. Linaloweza kupotea, msikilizaji alirudie kwa kuuliza, kama Sabina anavyofanya.

Mtoto wa mwisho, mwenye miaka 7 au 8, aambiwe ukweli na aambiwe na mama mwenyewe au dada: "Ugonjwa wa mama hautapona. Mama atakufa. Shangazi atakaa na wewe." Watu wazima jukwaani watataka kumwambia mama anasafiri au atalala. Aliyeambiwa mama amelala huogopa kulala, na aliyeambiwa amesafiri hukaa barabarani akingoja basi. Watoto wa umri huo mara nyingi hudhani wamesababisha wao, kwa hiyo mpeni swali hilo: "Ni kwa sababu nilikataa kuchota maji?" Jibu lisiwe refu. "Hapana. Si kwa sababu yako." Kisha mama amtume kitu, kikombe au kandambili, naye aende mbio.

Wosia, kama mnaung'ang'ania, uwe hapa wakati akili ya mama iko wazi, si kwenye pumzi ya mwisho. Onyesho la mtu anayekata roho huku akigawa mali kwa ndugu mmoja aliyeko chumbani linafundisha kosa. Kwa taratibu za sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua 4 waliopo kwa pamoja, 2 wa ukoo na 2 wasio wa ukoo. Wa maandishi unahitaji mashahidi 2 kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na 4 kama hajui. Kwenu mali ya kugombewa naijua bila kuambiwa: miti. Ekari 3 za paini zilizobakiza miaka 5 kuvunwa, mama anataka zisomeshe mtoto wa mwisho, baba mdogo ana mteja wa mbao anayetaka kununua zikiwa changa. Waingizeni majirani wawili na ndugu wawili wa ukoo kutoka kwenye kwaya, waketi, mama aseme kwa sentensi 3, wote waweke saini. Dakika 3 zinatosha. Baba mdogo asigeuzwe mwizi. Ana deni lake la hospitali alilokopa kwa ajili ya shemeji yake, na hilo litajwe.

Usiku wa mwisho

Mpaka hapa maneno yamekwisha, na mwigizaji wa mama hana la kusema tena. Hii itamtisha. Mwambieni kazi yake sasa ni pumzi.

Anayekaribia kufa hulala macho yakiwa nusu wazi na mdomo umefunguka. Mikono na miguu hupoa. Hataki chakula wala maji, na hapa familia hukosea kwa mapenzi: humlazimisha uji, naye hupaliwa. Mwili unaofunga kazi zake hauhitaji uji. Mdomo mkavu ndio unaohitaji kuloweshwa. Binti achovye kitambaa safi kwenye maji, akikamue, afute midomo na ulimi wa mama. Tendo hilo moja, likifanywa bila haraka, lina uzito kuliko kilio. Mgonjwa hugeuzwa ubavu kila baada ya saa 2 hivi kuepusha vidonda vya kulalia, japo saa za mwisho kabisa hugeuzwa pale tu inapompunguzia taabu. Mkoromo wa makohozi kooni upo kwa wengi, lakini msiuige, ukumbi utacheka tena. Shangazi amgeuze ubavu kidogo na kusema, "Hivi ataona nafuu." Imetosha.

Pumzi yenyewe hubadilika. Hupanda, hushuka, husimama, halafu hurudi. Mwigizaji avute pumzi 5 zinazosikika, anyamaze akihesabu 10. Avute 4, anyamaze 15. Avute 2, anyamaze 20. Hazirudi tena. Wakati wa ukimya anapumua kwa pua, kidogo, tumboni, chini ya blanketi zito, hakuna atakayeona. Ukumbi utaanza kuhesabu pamoja naye kuanzia kituo cha pili, na kwenye kile cha tatu watajua kabla binti hajajua. Hapo hamhitaji kikohozi, kichwa kuanguka, wala mtu wa kutangaza "amefariki." Kilio kisianze papo hapo. Shangazi aweke mkono kifuani, angoje, afumbe macho ya mama kwa kiganja, kisha alie yeye wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa. Wakilia wote kwa pamoja kwa ishara ya mwongozaji, mmerudi kwenye kicheko.

Wahudumu huwaambia ndugu waendelee kuongea na mgonjwa aliyelala, kwa kuwa inaaminika kusikia hudumu baada ya kuongea kukoma. Tumieni hilo kwa mwana aliyechelewa, kama mnaye, aliyefika usiku huo kutoka Tunduma. Aongee, hata kama hajibiwi. Msimwamshe mama amjibu. Najua itawauma kumnyima jibu, na ndiyo sababu ya kumnyima.

Kisha asubuhi, dakika 4. Turubai linafungwa nje kwa sauti tu, wanawake wanapanga sufuria. Sabina amekaa. Kengele ya simu inalia, saa 12. Mkono wake unakwenda kwenye chupa, unafika, na anakaa nayo. Zimeni taa hapo. Wala msimwongezee wimbo.

Mambo ya jukwaa

Kitanda kisiwe mkeka sakafuni. Kwenye ukumbi wa shule au kanisa wenye sakafu tambarare, kuanzia mstari wa tatu hakuna anayeona kitu kilicho chini ya magoti. Ungeni madawati mpate kimo cha sentimita 60 hivi, wekeni godoro jembamba, mpandisheni mama kwa mito aegemee nusu kuketi, na kitanda kikae mshazari ili uso uelekee hadhira. Kwenye kifo, shangazi aketi upande wa hadhira usawa wa kifua cha mama, azibe panapoinuka kwa pumzi. Mwili usibaki mbele ya watu zaidi ya dakika moja na nusu. Mwigizaji atapepesa jicho au mbu atamshukia.

Msimpake unga usoni. Kukonda kunaonekana kwenye nguo: gauni la saizi 2 zaidi, bangili inayoteremka mpaka kiwiko mkono ukiinuliwa, kilemba kinachohitaji kufungwa upya. Maumivu makali nayo si mayowe. Mgonjwa hujikunja upande mmoja, hakunji uso ila paji, hataki kuguswa, na hujibu kwa "mh." Jiko la mkaa liwepo kwa kuwa ni nyumba ya Mufindi na kuna baridi, lakini lisiwe na moto. Mkaa unaowaka kwenye ukumbi uliofungwa hutoa hewa inayoua bila harufu. Karatasi nyekundu chini ya mkaa mkavu inatosha.

Mwigizaji wa mama msimchague kwa kulia vizuri. Muulizeni faraghani kama amefiwa karibuni, na mwenye msiba mbichi apewe kazi nyingine bila kutangazwa. Sehemu ya kifo irudiwe mara 2, ikizidi 3, kwa zoezi moja, na isiwe ya mwisho siku hiyo. Ikiisha, avue kilemba, anawe uso, wenzake wamwite kwa jina lake halisi, mnywe chai, ndipo mwende nyumbani. Vijana wanaoachwa waondoke na kifo mwilini hulala vibaya, na baadhi huacha kikundi bila kusema kwa nini.

Kuhusu watazamaji: ombeni nesi wa zahanati au wa hospitali ya karibu aketi mstari wa mbele. Onyesho likiisha ngojeni dakika 2 kabla ya kuwasha taa zote, kisha mtambulisheni kwa jina na mahali anapopatikana, akae nusu saa kando, si jukwaani. Msiulize "mmejifunza nini?" Watakaomfuata kandoni ni wale wenye mgonjwa ndani, na maswali yao yatakuwa ya choo, usingizi na chupa. Uchunguzi wa mlango wa kizazi na chanjo aviseme hapo. Na kabla ya kwenda kijiji chochote, mpigieni mwenyekiti siku 2 kabla kuuliza kama kuna msiba au mgonjwa mahututi jirani na ukumbi. Kama yupo, ahirisheni.